Ukikamatwa Jumatano

TUME YA UTEKELEZAJI WA KATIBA
Idara ya Taarifa
4 Machi

Kwa Karani Mkuu,
Mahakama ya Wilaya.

YAH: TAARIFA YA MWAKA YA UTEKELEZAJI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Unaombwa kujaza jedwali lililoambatanishwa kuhusu kifungu kinachotaka mtu aliyekamatwa afikishwe mbele ya hakimu kabla ya siku ya pili kuisha. Weka alama kwenye kisanduku kimoja tu: Imetekelezwa, Inaendelea au Haijatekelezwa. Ongeza maelezo mafupi. Majibu ya taasisi zote yataunganishwa na kupelekwa bungeni.

Wako katika kazi,
Mratibu wa Taarifa

*

4 Machi

Mke wangu,

Hiyo iliyotangulia ni ya Mratibu, hii ni ya mumeo. Usizichanganye, maana Mratibu hana ruhusa ya kukwambia kwamba amekukumbuka hadi chakula hakimpiti.

Najua ungependa nikupigie. Lakini baada ya ule ugomvi wa mwezi jana tulikubaliana kwamba simu ni ya salamu na ya mtoto, mambo mazito yaandikwe. Kwenye karatasi hakuna anayemkata mwenzake maneno.

Jambo zito ni hili. Faili lako la uhamisho liko mezani kwa Msajili wa mahakama za mkoa wenu. Tangu tuoane tumeishi pamoja kwa vipande: likizo, misiba, na ile mara uliyokuja kwenye semina ukasinzia mbele ya mkurugenzi wangu. Mtoto anaanza shule mwakani, na nimeshamtafutia nafasi huku. Kilichobaki ni saini ya bwana mkubwa. Sasa kwenye korido zetu wanasema huyo Msajili hapendi kabisa mkoa wake uonekane mbovu bungeni. Karani aliyemwaibisha mwaka juzi, inasemekana hadi leo yuko kwenye kituo ambacho hata ramani imekisahau, anazungumza na mbu.

Sikwambii udanganye. Ukiandika "Imetekelezwa" utakuwa umedanganya. Ukiandika "Haijatekelezwa" utakuwa umejichongea. Ndiyo maana kikawekwa kisanduku cha katikati. "Inaendelea" haimuumizi mtu. Fomu zinazofika mezani kwangu karibu zote zinaendelea. Hata bomba la choo cha ofisi yetu linaendelea tangu siku niliyoajiriwa.

Funika kombe mwanaharamu apite, mama. Saini ikishatoka tutalifunua pamoja, ukiwa huku, tukinywa chai ya jioni kama watu wengine waliooana.

Wako,
Mumeo

*

11 Machi

Mume wangu,

Barua zote mbili nimezipata. Ya Mratibu nimemjibu kwenye fomu. Ya mume wangu jibu lake ndilo hili.

Nimeweka alama kwenye "Haijatekelezwa". Usitupe miwani, nisome hadi mwisho.

Hakimu wetu anahudumia mahakama tatu. Kwetu anakuja Jumanne, na akipata pancha haji. Aliyekamatwa Jumatatu ana bahati. Aliyekamatwa Jumatano atakaa mahabusu hadi Jumanne nyingine, awe ameua au amekanyaga maua ya jirani. Na watu si wajinga, mji mzima umeshajifunza ratiba hiyo. Siku hizi mtu akitaka kumkomoa mwenzake hahangaiki na waganga, anakwenda polisi Jumatano asubuhi. Pale kituoni wenyewe wanaiita siku ya soko.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya msusi wangu, unamjua, yule anayecheka kabla hujamaliza kusimulia. Mwenye nyumba anakitaka chumba chake, naye amekataa kutoka. Basi Jumatano akashitakiwa kwamba ameiba taa ya barazani. Ana mtoto anayenyonya. Mama yake alikuwa akimleta mtoto kwenye dirisha la kituo, askari mwenye huruma akiwepo wanaruhusiwa, askari mwingine akiwepo mtoto analia huku na mama analia kule. Jumanne hakimu akauliza taa yenyewe iko wapi. Mwenye nyumba akajibu ameiona tena, ilikuwa uvunguni. Kesi ikafutwa hata chai ya hakimu haijapoa. Msusi akarudi nyumbani, mtoto akamkataa. Ameshazoea chupa, ziwa halitaki tena. Na msusi sasa ananisuka kimya kimya.

Niambie basi, hapo kinachoendelea ni nini?

Usidhani sitaki kuhama. Nataka kuliko wewe. Juzi nilimsikia mwanao akiwaambia wenzake kwamba baba yake anakaa ndani ya simu. Nilijifungia jikoni nikalia, nikatoka nikasema ni vitunguu. Lakini nikija huko kwa saini iliyolipiwa na siku za watu waliofungiwa ndani, nitakuwa mke mbaya kwako. Nitakununia bila sababu, na sababu nitakuwa naijua.

Acha uhamisho uchelewe. Fomu iende ilivyo.

Mkeo

*

20 Machi

Mke wangu,

Fomu imefika. Nimeyasoma maelezo yako mara kadhaa, na mkurugenzi akipita nilikuwa nayafunika kwa mkono, si kwa aibu, bali nilitaka yawe yangu peke yangu kwa muda. Hakuna karani mwingine nchini anayeandika hivi. Wengine wote wanaandika kama mimi.

Nimeishughulikia inavyostahili. Usiwe na wasiwasi tena juu ya jambo hili, mwachie Mratibu.

Mengine ni mazuri. Nimenunua kitanda cha mtoto. Kimepita mlangoni kwa shida, jirani akasukuma, mimi nikavuta, rangi ya fremu ikabaki kwenye suruali yangu. Kitandani hakuna mtu bado, lakini asubuhi nikiamka nakitandika. Pazia sijachagua, nakuachia wewe, maana mara ya mwisho nilipochagua pazia ulisema nyumba imekuwa kama zahanati.

Na ripoti ikitoka, usihangaike kuitafuta. Ni kitabu kinene, kinafaa kuzuia mlango usipigwe na upepo.

Wako,
Mumeo

*

2 Juni

Mume wangu,

Ripoti imefika. Nilihangaika kuitafuta, unisamehe.

Ukurasa wa mahakama za wilaya, mstari wetu, umeandikwa: "Inaendelea. Juhudi za kuridhisha zinafanyika." Nilifikiri nimesoma mstari wa watu wengine. Nikaweka rula chini ya maneno nikasoma tena. Ni sisi. Juhudi za kuridhisha! Mimi neno hilo silijui hata kulitamka.

Nikajua ni nani. Fomu hupita kwanza kwa Msajili ndipo ije kwenu. Siku ileile nikapanda basi hadi mkoani, nikamkuta pale mapokezi amesimama na wageni wake, nikampa vidonge vyake mbele za watu. Nilimwambia yeye ni mwizi wa kalamu. Nilimwambia kama anataka mkoa wake uonekane mzuri aupake rangi, asiupake maneno. Alivua miwani akanisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Kesho yake ikaja barua: nijieleze kwa nini nisiachishwe kazi.

Hiyo bado si kubwa. Kamati ya bunge ilipoisoma ripoti iliamua mahakimu wapya waanze kupelekwa palipoandikwa "Haijatekelezwa". Wenzetu wa ng'ambo ya mto, ambao karani wao aliandika ukweli na ukweli wake haukuguswa, wamepata hakimu wa kudumu. Anasikiliza kesi kila siku. Sisi tunaridhisha, kwa hiyo tumewekwa mwisho.

Na Jumatano iliyopita alikamatwa fundi saa wa pale karibu na posta, yule mzee mwenye kisukari aliyekutengenezea saa ya harusi. Mpwa wake amemshitaki wakigombania meza ya kazi. Dawa zake zilipelekwa kituoni, aliyezipeleka akaambiwa amsubiri mkuu wa kituo, mkuu wa kituo alikuwa safarini. Jumapili mzee akaanguka. Sasa yuko hospitali na madaktari wanajadiliana juu ya mguu wake.

Nakuomba jambo moja. Nenda masjala yenu, nitafutie ile fomu yangu ya kwanza, unitumie nakala. Nataka kila mtu auone mkono wa huyo Msajili.

Mkeo

*

9 Juni

Mke wangu,

Kama umesimama, kaa.

Msajili hakuigusa fomu yako. Ilifika kwangu ikiwa safi, na muhuri wake chini, bila neno hata moja lililobadilishwa. Aliyebadilisha ni mimi. Nilipokuwa naingiza majibu kwenye jedwali kubwa, nikauhamisha mstari wako kisanduku kimoja kwenda kushoto. Yale maneno ya juhudi za kuridhisha nimeyatunga mimi pia, nikiwa nimeketi kwenye kitanda cha mtoto.

Sikuambiwa na mtu. Sikulipwa. Nilikuwa najiambia kwamba neno moja kwenye kitabu ambacho hakuna mtu anayekisoma haliwezi kumdhuru mtu, na wewe na mtoto mtakuwa nyumbani. Sikujua kwamba safari hii kuna watu watakisoma. Najua hiyo si sababu. Ninachokiona sasa ni mguu wa mzee yule.

Nilikuwa nikikuandikia "mwachie Mratibu" huku najua nimeshaibadilisha. Naona aibu, mke wangu. Naona aibu hadi kioo cha bafuni nakikwepa.

Mwambie Msajili ukweli, usipoteze kazi kwa ajili yangu. Na wewe niambie unataka nifanye nini, nitafanya.

Mumeo

*

14 Juni

Mume wangu,

Mguu umekatwa.

Nilikaa kama ulivyoniambia. Nikasimama. Nikakaa tena. Sijui nikwambie nini kuhusu hasira, neno lenyewe ni dogo. Kama ungekuwa na mwanamke mwingine ningejua pa kuanzia.

Nimekwenda kwa Msajili kumwomba radhi, na barua yako mkononi. Aliisoma. Nilitegemea atapiga meza. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akaniambia, "Mama, miaka yote naomba hakimu wa wilaya yako. Kila mwaka makarani waliokutangulia waliniletea 'Inaendelea', na mimi nitamwomba nani msaada kwa kitu kinachoendelea? Mficha uchi hazai. Fomu yako ilipopita hapa nilimwita katibu wangu nikamwambia, mwaka huu tumepata." Ndivyo alivyosema. Huyo ndiye mtu wenu wa korido. Na yule karani wa mbu alihama kwa ombi lake, amefuata mke.

Akafungua droo akatoa barua yangu ya uhamisho. Ilisainiwa Februari. Hata hujaniandikia barua yako ya kwanza, saini ilikuwa imeshakauka, inangoja muhuri wa makao makuu. Muhuri wenyewe ulifika wiki ileile niliyokwenda kumtukana, akaishikilia.

Akanipa, akasema ile barua ya kujieleza ameifuta. Nilitembea na uhamisho wangu hadi mlangoni, wallahi nikakiona hadi hicho kitanda chako. Nikageuka nikamrudishia. Nimemwambia siondoki mpaka hakimu aje. Karani atakayenifuata ataandika nini sijui, na Jumatano zinakuja kila wiki.

Sasa wewe. Umeuliza ufanye nini. Usiniandikie mimi pole, pole haimfungulii mtu mlango wa mahabusu. Waandikie Kamati. Waambie ni nani, alifanya nini, na wilaya gani imeumia. Usiseme "kulitokea hitilafu". Usiseme "ilibainika". Wewe ni bingwa wa maneno yasiyo na mwenyewe, basi safari hii yape mwenyewe.

Ukishaipeleka nitumie nakala. Kabla ya hapo usinipigie. Mtoto akitaka kukupigia sitamzuia.

Mkeo

*

25 Juni

Kwa Katibu,
Kamati ya Bunge ya Utekelezaji wa Katiba.
Nakala: Msajili wa Mkoa, Karani Mkuu, Mahakama ya Wilaya.

YAH: TAARIFA YA UONGO KATIKA TAARIFA YA MWAKA

Mimi ni Mratibu wa Taarifa katika Tume. Katika taarifa mliyopokea, Mahakama ya Wilaya iliyotajwa hapo juu imeonyeshwa kuwa utekelezaji wake unaendelea. Si kweli. Karani Mkuu wa mahakama hiyo aliandika kwamba kifungu hakijatekelezwa, akaeleza kwa nini. Mimi nilibadilisha jibu lake kwa mkono wangu, bila yeye kujua, wala Msajili, wala mkurugenzi wangu. Fomu yake halisi naiambatanisha.

Karani huyo ni mke wangu. Nilitaka ahamie ninapoishi, nikadhani jibu lake litamzuilia uhamisho. Nilikosea katika hilo pia.

Kwa sababu ya jibu nililotunga, wilaya hiyo ilinyimwa hakimu aliyestahili kupelekwa. Watu wanaokamatwa huko Jumatano bado wanakaa ndani hadi Jumanne. Mmoja wao, mzee mgonjwa, alikosa dawa akiwa mahabusu na amekatwa mguu. Naomba hakimu apelekwe bila kusubiri hatua zitakazochukuliwa dhidi yangu. Hatua hizo nazisubiri ofisini. Nimeanza pia kuzipitia upya fomu nyingine zote zilizopita mikononi mwangu, na mkinitaka nieleze mbele ya Kamati, nitakuja.

Mratibu wa Taarifa

*

18 Agosti

Mume wangu,

Hakimu amekuja. Ni msichana, au sisi tumezeeka. Ameshuka kwenye basi na sanduku moja na feni, akauliza mahakama iko wapi, akaonyeshwa, akauliza tena kwa sababu hakuamini. Kesho yake akaanza kusikiliza kesi. Kila siku. Kiti chake kina mguu mbovu na hajalalamika, ameweka kitabu chini yake. Nimeangalia ni kitabu gani. Ndiyo, ni ripoti yenu.

Jumatano ya kwanza alikuja bwana mmoja kumshitaki ndugu yake, amevaa vizuri kabisa, ana wiki nzima kichwani. Alhamisi asubuhi wote wawili wakawa mbele ya hakimu, na kabla ya saa sita wote wawili wako nyumbani. Bwana yule alinijia dirishani amenuna, akaniambia, "Karani, mahakama gani hii haina hata subira?" Nilicheka hadi nikaegemea kabati. Sijacheka hivyo tangu Machi.

Kwa fundi saa nimekwenda na nakala ya barua yako. Nilimsomea yote. Akasema anayetaka kumwomba radhi aje aketi pale alipoketi yeye, barua haina uso. Nimeona niyaandike kama alivyoyasema. Sikuyapunguza.

Ya kwako umenificha, lakini nchi hii ni ndogo. Nimesikia uliitwa na Kamati, ukasimama ukawasomea fomu moja baada ya nyingine hadi mwenyekiti akaomba maji. Nimesikia mkataba wako umevunjwa, na wenzako wa korido wanavuka barabara wakikuona. Kwa nini hukuniambia? Ulifikiri nitakuhurumia? Nilipoisoma nakala niliipeleka chumbani nikafunga mlango, na mara hii sikusingizia vitunguu. Nilijivunia, mume wangu. Bado nina hasira na wewe, kuna asubuhi naamka nayo mpya kabisa. Lakini nilijivunia.

Sasa nisikilize. Kesi zimekuwa nyingi na mimi ni mmoja. Msajili ameniruhusu kuajiri karani msaidizi. Mshahara hauna maana. Kazi yenyewe ni kufungua mlango asubuhi, kubandika orodha ya kesi ukutani, na kila siku kwenda kituo cha polisi kuandika jina la kila aliye ndani, alikamatwa lini, na anaumwa nini. Huyo mtu atakuwa chini yangu. Akichelewa nitamsema. Akiandika "juhudi za kuridhisha" nitamfukuza.

Nafasi imetangazwa ubaoni. Mwisho wa kupokea maombi ni mwisho wa mwezi.

Mkeo

*

26 Agosti

Kwa Karani Mkuu,
Mahakama ya Wilaya.

YAH: OMBI LA KAZI YA KARANI MSAIDIZI

Husika na tangazo lililobandikwa ubaoni kwako, ambalo sijaliona kwa macho lakini nimelisikia kwa ukali wake.

Naomba kazi hiyo. Elimu yangu ni kubwa kuliko inavyohitajika na imenisaidia kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Najua kufungua mlango. Najua kubandika. Kuandika jina la mtu na siku aliyokamatwa, bila kuongeza wala kupunguza, hiyo nimejifunza mwaka huu na naomba nafasi ya kuifanya kila siku ili nisiisahau.

Kabla ya kuripoti kazini nitapita kwa fundi saa. Nitaketi pale atakaponionyesha, hadi aniambie niinuke.

Wadhamini sina. Walionijua kazini hawapokei simu zangu, na anayenijua kuliko wote ndiye mwajiri.

Kitanda nimekifungua vipande, kiko kwenye lori la mizigo. Mimi nakuja na basi.

Ukiona nafaa, nipe kazi. Ukiona sifai, naomba nije hivyo hivyo.

Mwombaji,
Mumeo